Utando wa kuzamishia kofia za pikipiki: mita kumi zilizonitoa jasho

Miaka kumi na moja nachora kofia za bodaboda na kava za pembeni kwa brashi, hapa Tanga. Nilipoona video ya kofia inazamishwa majini halafu inatoka na madoa ya chui, nilijua ni kiini macho. Mwezi wa nne nikaagiza: roli la mita kumi, upana nusu mita, na kopo moja la spreyi yake. Shilingi 85,000, nauli ya basi juu yangu.

Kitu chenyewe ni utando wa PVA, plastiki inayoyeyuka majini, umechapwa wino juu. Unaulaza kwenye maji, unalainika, unapuliza spreyi, wino unakuwa majimaji, kisha unashusha kofia taratibu kwa mshazari. Maji yenyewe ndiyo yanayoubana wino kila kona.

Maelekezo yanasema maji ya nyuzi 30, sekunde 60. Maji sikuyachemsha. Ya kwenye tanki la juu ya bati saa nane mchana yalisoma 31 kwenye kipimajoto changu cha vifaranga. Shughuli iko kwenye hizo sekunde 60. Kipande cha kwanza kilipogusa maji, kingo zilijikunja juu kama jani la mgomba lililobabuliwa, kwa sababu upande wa chini unavimba wakati wa juu bado mkavu. Nikataka kukitupa. Kumbe ukingoja, wa juu nao unalowa na utando unalala tena, una mikunjo midogo kama ukoko wa maziwa, halafu nayo inapotea. Ukishapuliza spreyi, unaanza kutanuka, na usipouzuia unatanuka mpaka ukutani mwa beseni. Chui wangu wa kwanza akawa twiga. Sasa naweka vipande viwili vya mbao vinavyoelea kuubana, na madoa yanabaki kipimo chake.

Viputo vya hewa navyo ni balaa. Hapo wino haushiki kabisa. Kijana aliyeleta kava zake alizigeuza geuza, akaniuliza, "Fundi, mbona chui wangu ana mba?" Nikamrudia bure. Siku hizi naulaza kwa kuanzia ukingo mmoja, kama unavyotandika shuka peke yako.

Muuzaji namlaumu kwa mawili. Roli lilikuja limefungwa gazeti, msimu wa masika! PVA haichagui maji ya beseni na unyevu wa hewani, yote inakunywa. Siku ya tatu mita tatu za mwisho zilikuwa zimegandana, ukivuta zinachanika. Zilizobaki nimeziweka kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vipya, na hazijaharibika tena. La pili, hakuna alama ya kuonyesha upande upi unakaa chini. Gusa pembeni kwa kidole chenye mate: unaonata ndio wa maji.

Spreyi iliisha kwenye kofia ya sita, utando bado upo. Harufu yake inaumiza kichwa, fanyia nje na uvae barakoa ya kuzuia mvuke wa kemikali.

Wasichokisema kwenye video ni kuosha. Kofia ikitoka ina ute kama wa bamia, ndiyo ile plastiki iliyoyeyuka, na lazima uoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka kidole kisiteleze. Moja niliiharakisha nikapiga klia, ile vanishi angavu ya kumalizia, juu ya ute. Wiki haikuisha ikabanduka kama ngozi ya nyoka.

Lakini zile nne zilizokubali! Madoa ya chui yamepita mpaka kwenye tundu za skrubu, ambako brashi yangu haijawahi kufika. Utando naupa nne kwa tano, ufungaji moja. Nitaagiza tena Januari, mvua zikiwa zimepumzika, na makopo mawili ya spreyi.