LaBSE: modeli ya kuoanisha sentensi za lugha mbalimbali

Kwa yeyote anayekusanya matini sambamba (sentensi pamoja na tafsiri zake) za Kiswahili na lugha nyingine, LaBSE, modeli ya akili unde iliyotolewa na Google mwaka 2020 na inayopakuliwa bila malipo, ni chombo ninachokipendekeza kwa moyo wote. Hugeuza kila sentensi, iwe ya Kiswahili, Kiamhari au Kifini, kuwa mfuatano wa namba 768, kwa namna ambayo sentensi zenye maana moja hukaribiana hata zisipokuwa na neno lolote la pamoja, na kompyuta ikipima ukaribu huo huweza kutambua ipi ni tafsiri ya ipi. Ilifunzwa kwa lugha 109, Kiswahili kikiwamo, na katika Tatoeba, jaribio la kutafuta tafsiri ya kila sentensi lenye lugha 112, ilipata usahihi wa wastani wa asilimia 83.7, ilhali LASER, modeli ya aina hiyo iliyoitangulia, ilipata 65.5. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba baadhi ya lugha ambazo haikufunzwa kabisa huzimudu vizuri, jambo lenye thamani kubwa kwa lugha zetu ndogo. Hata hivyo, sishauri itumike kupima viwango vya ufanano kati ya sentensi zisizo tafsiri, kwa kuwa haikulengwa huko.