Mtoano wa NBA (kikapu cha Marekani) na wa NFL (futiboli ya Kimarekani), upi mtamu zaidi?

Huu ubishi hauishi jamani, kila mwaka watu wanagombana, mi naona inategemea we unatafuta nini.

Ukitaka aliye bora kweli ndo abebe kombe, nenda NBA. Mpaka ushinde mechi 4 kati ya 7, ukiteleza siku moja unajipanga upya. Fainali ya 2016 Cavaliers walikuwa nyuma 3-1 mbele ya Warriors waliotoka kushinda mechi 73 kwenye msimu, wakapindua, na mechi ya saba LeBron wa Cavaliers akamfukuza Iguodala wa Warriors kutoka nyuma akaugonga mpira kwenye ubao, hadi leo nikiikumbuka mwili unasisimka.

NFL hakuna kujipanga, mechi moja tu ukifungwa unarudi nyumbani. Patriots wa msimu wa 2007 walishinda mechi 18 mfululizo halafu Giants wakawatoa 17-14 kwenye Super Bowl, yaani fainali yao, David Tyree wa Giants kaudaka mpira kaubana kwenye helmeti yake! Haki hapo ndogo, ila presha haina mfano.

Usingizi sasa. Kwa sie wa Afrika Mashariki fainali za NBA zinaanza saa tisa na nusu usiku na zinaweza kwenda zaidi ya wiki mbili, kama asubuhi una kazi utateseka sana. NFL mwezi wa kwanza kuna mechi za Jumapili saa tatu usiku, unaangalia na familia. Mwenye likizo mwezi wa sita namwambia NBA, mwenye wikiendi tu NFL.