Michopo, bukari na hoja za dabi: mgahawa wa mashabiki wa Mazembe huko Kamalondo

Katika wiki ambayo Tout Puissant Mazembe inajiandaa kuikaribisha Saint-Éloi Lupopo, klabu jirani yake wa jiji, hakuna pembe ya Lubumbashi isiyozungumzia mpira. Mchezo huo hujadiliwa ndani ya mabasi ya kwenda Katuba, katika soko la Kenya, mtaa wa jiji hili, hata kwenye viwanja vya makanisa baada ya ibada. Mengi ya mazungumzo hayo, hata hivyo, huishia katika kelele na utani, na shabiki anayetaka kuwasikiliza watu walioushuhudia mpira wa jiji hili kwa miaka mingi, huku akila chakula kizuri bila kuharakishwa, hana mahali pengi pa kwenda. Mgahawa ninaouzungumzia hapa uko Kamalondo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanja wa Mazembe, na katika yote niyajuayo ndio ninaoupendekeza kwa moyo wote kwa mtu anayetaka kujiandaa kwa mchezo wa nyumbani.

Mlangoni hapana kibao, na mama mwenye nyumba hapendi jina lake litangazwe, kwa hiyo nitaiheshimu haja yake. Mgeni akiuliza barabarani wapi mashabiki wa rangi nyeusi na nyeupe hula michopo chini ya mwembe, ataelekezwa. Ndani ya lango kuna ua mpana wa udongo uliofagiliwa vizuri, viti vya plastiki, meza za mbao zilizounganishwa kwa urefu, na jiko kubwa la makaa lililowekwa upande ambao moshi hauwafikii wateja. Nyuma ya ua kuna chumba chenye runinga, ambacho hujaa tu siku timu inapocheza ugenini.

Chakula kinastahili kuzungumziwa kwanza, kwa sababu mahali pengine karibu na uwanja watu huvumilia nyama mbaya kwa ajili ya mazungumzo mazuri, na hapa hakuna haja ya kuvumilia. Michopo ni ya mbuzi, hukatwa mbele ya mteja kutoka kipande alichokichagua mwenyewe, huchomwa polepole hadi mafuta yaanze kudondoka juu ya makaa, kisha huletwa ikiwa na chumvi pembeni, vitunguu vibichi na pilipili iliyosagwa siku hiyo hiyo. Mchomaji wake ni kijana mwenye subira, asiyekubali kuitoa nyama motoni kabla ya wakati hata kama meza nzima inampigia kelele, na subira hiyo huonekana katika kila kipande. Bukari hupikwa kwa unga wa mahindi uliochanganywa na kiasi kidogo cha unga wa muhogo, jinsi familia nyingi za hapa zinavyoupenda, ili ushikamane vizuri mkononi. Sombe, yaani majani ya muhogo, huiva sawasawa na haizidishwi mafuta ya mawese. Samaki sikuwasifu sana: walikaangwa mpaka wakakauka, na ningemshauri mteja abaki na mbuzi. Kwa kinywaji kuna bia ya Simba na ya Tembo, soda, na munkoyo, kinywaji cha kienyeji cha mahindi, ambao mama huutengeneza mwenyewe, usiochacha kupita kiasi, ambao wazee wengi huuchagua kuliko bia wanapotaka akili zao zibaki timamu kwa ajili ya majadiliano.

Jambo linaloutofautisha mgahawa huu na mingine ni kanuni moja ya mama, ambayo haikuandikwa popote lakini kila mteja anaijua: jioni za kuelekea mchezo wa nyumbani, muziki huzimwa. Katika mtaa ambao kila baa hushindana na jirani yake kwa ukubwa wa spika, uamuzi huo ni wa ujasiri, na pengine unampotezea mama baadhi ya vijana. Manufaa yake ni kwamba mtu anaweza kutoa hoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliyeketi mwisho wa meza akaisikia na kuijibu. Mama hupita kati ya meza, hukumbusha kwa upole kwamba asiyemwachia mwenzake nafasi ya kuongea atahamishiwa ndani kwenye runinga, na nimeona kanuni hiyo ikitekelezwa kwa mtu mzima aliyekuwa amelipa vizuri.

Jioni niliyoketi hapo safari hii, swali lililotawala meza lilikuwa kama uwanja wa Kamalondo kweli unaisaidia Mazembe, au kama mashabiki wamejizoesha tu kuamini hivyo. Kijana mmoja, aliyevaa fulana ya timu, aliutetea uwanja kwa nguvu. Alisema kwamba majukwaa yako karibu mno na mstari, kwamba uwanja wa watu wapatao 18.000 ukijaa hutoa kelele kuliko uwanja mkubwa uliojaa nusu, na kwamba nyasi bandia huupa mpira mwendo ambao wageni huhitaji muda kuuzoea. Akatoa mfano wa ushindi wa 5 kwa 0 dhidi ya Espérance ya Tunis katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2010. Mzee aliyekuwa kimya mpaka hapo akaweka kikombe chake chini na kumwambia: "Mwanangu, tano zile hatukuzifunga hapa. Tulizifunga kule Kenya, kwenye uwanja wa Kibassa Maliba. Hapa palikuwa hapajafunguliwa." Kijana akajibu, "Pole, Papa, sikujua," na mjadala ukaendelea ukiwa na msingi bora zaidi.

Mzee alikuwa na haki. Uwanja wa Mazembe ulifunguliwa mwaka 2011, na timu iliyowashinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0 huko Abu Dhabi mwishoni mwa mwaka 2010, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilikuwa imejengwa bila ukuta huo wa Kamalondo. Mzee mwingine alikwenda mbali zaidi, hadi enzi klabu ilipoitwa Englebert, akikumbusha kwamba mataji mawili ya Afrika ya mwaka 1967 na 1968 yalipatikana kabla wengi wa waliokuwa mezani hawajazaliwa, na kwamba hakuna klabu iliyokuwa imewahi kulitetea taji hilo kabla ya hapo. Sikuona kwamba alisema hivyo ili kujivuna. Alitaka kuonyesha kwamba nguvu ya klabu hii ilikuwa ikisafiri pamoja na wachezaji, na kwamba uwanja ni nyongeza.

Watetezi wa uwanja hawakuishiwa hoja, na hapa ndipo mjadala ulipokuwa mtamu. Waliutaja mwaka 2015, ambapo katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Mazembe ilirudi kutoka Algiers ikiwa na ushindi wa 2 kwa 1 dhidi ya USM Alger, kisha ikakamilisha kazi hapa hapa kwa 2 kwa 0, Mbwana Samatta akifunga kwa penalti na Roger Assalé akiongeza la pili mwishoni. Mwaka uliofuata, katika fainali ya Kombe la Shirikisho, MO Béjaïa ya Algeria ilifungwa 4 kwa 1 Lubumbashi. Mwanamke mmoja, ambaye nadhani ndiye aliyekuwa na kumbukumbu sahihi kuliko wote mezani, aliwajibu kwa kuwakumbusha miaka ya karibuni: Aprili 2024, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Al Ahly iliondoka hapa na sare ya 0 kwa 0 na kisha ikashinda 3 kwa 0 kule Kairo, Desemba mwaka huo huo Young Africans ya Dar es Salaam ilisawazisha katika dakika za nyongeza na kupata 1 kwa 1. Alisema kwamba uwanja unaotisha hauruhusu bao la dakika ya mwisho, na kwamba tatizo si kelele za majukwaani, ni timu kurudi nyuma kulinda bao moja badala ya kutafuta la pili.

Kutoka hapo mazungumzo yaliigeukia dabi yenyewe, na hoja iliyonigusa zaidi ilitolewa na shabiki wa Lupopo. Ndiyo, mashabiki wa Lupopo hukaribishwa katika mgahawa huu, hukaa meza ya karibu na ukuta wakiwa na rangi zao za buluu na njano, na sijawahi kuona mtu akiwasumbua. Mtu huyo, mfanyakazi mstaafu wa reli kama walivyokuwa wengi wa waasisi wa klabu yake, alisema kwamba watu wa Mazembe hujidanganya wanapouita mchezo huu wa nyumbani. Lupopo haisafiri, haibadilishi hewa wala maji, wachezaji wake wanaijua mvua ya Lubumbashi inapoanza kunyesha mwezi Novemba, na wanazijua nyasi hizo bandia kama wanavyoijua njia ya kwenda kwao. Faida inayomwumiza mgeni kutoka Algiers au Kairo, alisema, haimwumizi mtu anayelala Kenya. Klabu zote mbili zilianzishwa mwaka 1939, moja mikononi mwa wamisionari Wabenediktini na nyingine kati ya watu wa reli, na kwa hiyo hakuna kati yao iliyo mgeni wa mwenzake.

Mezani pakawa kimya kwa muda, kisha watu wa Mazembe wenyewe wakaanza kuikubali hoja hiyo na kuijengea juu. Ikiwa uwanja hausaidii sana dhidi ya Lupopo, basi kinachobaki ni dakika 20 za kwanza, wakati ngoma na nyimbo ziko juu kabisa na mpinzani hajatulia. Wengine walitaka kocha aanze na mawinga wawili wenye kasi ili kuutumia mwendo wa mpira juu ya nyasi hizo; wengine walihofia kwamba katika dabi kiungo hupotea upesi, na kwamba ni heri kuanza na viungo watatu na kuwaacha mabeki wa pembeni ndio wapande. Mimi niko upande wa hawa wa mwisho. Dabi nyingi nilizoziona ziliamuliwa na mpira wa adhabu au kona, si na mbio za pembeni, na timu inayoshika katikati ndiyo inayopata adhabu hizo karibu na lango. Naandika hivi nikijua kwamba yule mwanamke hakubaliani nami, na alinieleza sababu zake kwa urefu na kwa heshima.

Niliyasimulia hayo yote kwa sababu ndiyo huduma kuu ya mgahawa huu, na mtu anayelipia chakula hapa anapata pia nafasi ya kusahihishwa na watu wanaojua. Sasa niseme kasoro zake, kwa kuwa zipo. Wahudumu ni wachache, na jioni ya mkesha wa mchezo mtu anaweza kungoja zaidi ya saa nzima kabla ya kuletewa nyama, hasa akifika jua likiwa limezama. Choo ni kimoja kwa ua mzima. Ni kisafi, lakini foleni yake huwachosha wazee na akina mama, na mama mwenye nyumba angefanya vyema sana kujenga cha pili kabla ya kuongeza meza nyingine. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa nyuma ya ukuta na mlio wake hurudisha kelele zile zile ambazo kuzimwa kwa muziki kumeziondoa. Runinga ya ndani ni ndogo mno kwa chumba chenyewe, na anayekaa nyuma hatambui namba za wachezaji. Kwa michezo ya ugenini ningemwelekeza msomaji kwingine.

Kuhusu bei, sina lalamiko. Zimeandikwa kwa chaki ukutani, kwa faranga na kwa dola, na siku ya mchezo hazibadiliki, jambo ambalo si la kawaida katika mitaa iliyouzunguka uwanja. Malipo kwa simu yanakubaliwa, ingawa mtandao huelemewa watu wanapojaa, na ni vizuri kuja na faranga mkononi.

Kwa dabi inayokuja, ushauri wangu ni huu. Anayetaka majadiliano aje jioni ya mkesha, mapema, kabla ya saa kumi na moja, achague kipande chake cha mbuzi mara tu anapofika, na aketi meza ndefu chini ya mwembe badala ya kujitenga na rafiki zake. Anayekuja na watoto aje siku yenyewe asubuhi, wakati ua ungali na nafasi na mama ana muda wa kuwapikia bila pilipili. Siku ya mchezo jiko huzimwa saa moja kabla ya mpira kuanza, kwa sababu mchomaji na wahudumu wote nao wana tiketi zao, na baada ya hapo hakuna kinachouzwa mpaka watu watoke uwanjani.