Jumba la Askofu, Bishop's Waltham: uzoefu wangu

Kwa miaka sita nimekuwa nikipita mji wa Bishop's Waltham, huku kusini mwa Uingereza, bila kushuka kuliona jumba hili. Mama alipokuja kunitembelea ndipo nikasema leo tushuke. Basi lilituchelewesha karibu saa nzima kituoni, na upepo wa huku mnaujua, lakini tulipofika hasira zote ziliisha.

Kuingia ni bure. Mnakuta uwanja wa majani, na katikati yake kuta ndefu za mawe ya gumegume zisizo na paa. Hapa palikuwa nyumba ya shamba ya maaskofu wa Winchester, jimbo la kanisa lililokuwa tajiri kuliko yote Uingereza. Aliyeanza kujenga, miaka ya 1130, ni Henry wa Blois, ndugu wa Mfalme Stephen. Lakini sehemu kubwa ya mnayoyaona ni kazi ya William wa Wykeham, aliyeushika uaskofu mwaka 1367 na kufia humu humu mwaka 1404.

Ukumbi mkuu una madirisha marefu ajabu. Simama chini yake utazame juu, utaona jinsi mwanga ulivyokuwa ukiwamwagikia wageni mezani. Mimi lakini nililipenda jiko. Lipo jirani na ukumbi, na karibu yake palikuwa pa kuoka mikate na pa kupikia pombe. Mama aliweka kiganja ukutani, akapapasa mawe. Jiwe la gumegume likipasuliwa huwa jeusi na linateleza kama kioo, na chokaa iliyolizunguka bado ina chembe za kokoto.

"Mwanangu, askofu mmoja alikuwa akilisha watu wangapi?"

Nikamweleza kwamba hakuwa akisafiri peke yake. Alifuatana na makarani, mapadri, wapishi na watunza farasi, akihama kutoka jumba moja hadi jingine, na kila jumba lilipaswa kuwa na chakula tayari. Ndiyo maana palikuwa na msitu wa kuwindia kulungu, na bwawa kubwa la samaki, maana siku za Ijumaa na Kwaresima nyama ilikuwa haramu. Sehemu ya bwawa hilo ipo mpaka leo, na bata wanaogelea. Nawaomba msiondoke bila kufika pale. Ukiliona ndipo unaelewa kuwa hapakuwa mahali pa sala tu. Lilikuwa shamba lenye kazi, na jasho la wanavijiji ndilo lililoijaza ile meza. Mama alinyamaza muda mrefu hapo bwawani, kisha akauliza wale waliovua samaki walikuwa wakila nini. Swali hilo ninalo mpaka sasa.

Wafalme nao walilala hapa. Malkia Mary wa Kwanza alikaa humu mwaka 1554 akimsubiri mchumba wake, Philip wa Hispania, avuke bahari. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme na Bunge. Mwaka 1644 jeshi la Bunge lililivunja na kulichoma jumba, na inasimuliwa kwamba Curle, askofu wa Winchester wakati huo, alitoroka amefichwa ndani ya mkokoteni wa samadi. Baadaye watu walibeba mawe wakajengea nyumba zao.

Ushauri wangu: vaeni viatu vya kukanyagia majani mabichi, na mje asubuhi kabla watu hawajawa wengi. Saa moja na nusu inatosha, ila mkija na mzee mwenye maswali kama mama yangu, tengeni tatu. Chakula bebeni, mkae kwenye majani karibu na lile jiko. Sisi tulikula chapati za jana na chai ya chupa, na mama alikataa kuondoka mpaka jua lilipoyaacha yale madirisha.

Nyota tano. Wiki ijayo tunarudi, safari hii tukianzia bwawani.