Pango la Nang'oma, Kilwa: Je, Safari Inalipa?

Habari zenu wana kusini, na ninyi mnaotutazama kutoka mbali, karibuni. Leo si simu wala jiko la gesi, leo tunachambua safari. Wengi mmeniuliza kuhusu Pango la Nang'oma, kule Umatumbi wilayani Kilwa, mkoani kwetu Lindi: je, nauli inalipa? Nasema mapema kabisa, inalipa sana, ila kwa sharti moja. Usiingie bila mzee wa palepale wa kukusimulia.

Njia haina maneno mengi. Ukitoka Lindi mjini unashika barabara ya Dar, unapita Nangurukuru, ukifika Njia Nne unaiacha barabara kuu na kupanda milima kuelekea Kipatimu. Masika yakianza, gari dogo libaki nyumbani. Huko juu kuna machungwa, na machungwa ya Matumbi ni matamu jamani. Nunueni wakati wa kurudi, maana pangoni mnataka mikono mitupu.

Sasa pango lenyewe. Milima hii ni ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo hupata asidi kidogo, na asidi hiyo huila chokaa taratibu, maelfu kwa maelfu ya miaka, mpaka mlima unabaki na uwazi tumboni. Kazi haijaisha. Tone likining'inia darini huacha chembe ya chokaa kabla halijadondoka, na chembe juu ya chembe huota ncha ya jiwe. Angalieni hapa nilivyosogeza kamera: ncha hii ni nyeupe, mbichi, na tone liko tayari. Hii ya pembeni yake imevunjwa, na palipovunjika pamekuwa pa kijivu, pakavu. Mtu kavunja akaondoka nayo. Sentimita moja tu inaweza kuchukua miaka 100 hivi kuota. Iliniuma mno. Tafadhali, msiguse.

Lakini kilichonitoa nyumbani ni historia. Ukitaja Majimaji, vita ya wazee wetu dhidi ya utawala wa Wajerumani, wengi wanaiwaza Songea, ila moto uliwashwa huku kwetu. Julai 1905, pale Nandete, watu waling'oa miche ya pamba, zao walilolimishwa kwa nguvu, na kung'oa kule ndiko kulikuwa kutangaza vita. Dawa ya maji, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, ilitoka kwa Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe. Wajerumani walimnyonga kule Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo, vita ikiwa bado changa kabisa, na bado ikaenea kusini nzima mpaka 1907. Walichoma vijiji, wakachoma na chakula, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi.

Haya unaweza kuyasoma popote. Kuyasikia mle ndani ni jambo jingine. Mzee aliyetuongoza alizima tochi, akatuambia wazee wake walijificha mapangoni na watoto wao, na mtoto akilia mama anamkumbatia kifuani sauti isitoke. Pale nikaelewa mtu anayekimbia kijiji kinachoungua anataka nini: giza, maji, na mlango ambao askari haujui.

Na kabla ya kuingia alisimama mlangoni, akasema maneno kwa Kimatumbi, akiwataja waliotangulia. Kijana mmoja wa kundi letu akainua simu arekodi. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, hapo subiri kwanza." Tukazima zote, ndiyo maana sehemu hiyo hamuioni kwenye video.

Kasoro zipo. Waandaaji fulani wa safari walinipa bei ya "kila kitu", kumbe msimulizi hayumo, tulimtafuta wenyewe kijijini. Ukizoea mapango ya Amboni kule Tanga, ambako wageni wanaingizwa kwa utaratibu wa miaka mingi, hapa utaona tofauti. Tochi ya simu haitoshi, njooni na tochi ya kichwani na betri za akiba. Viatu viwe vya kung'ang'ania, kwa sababu mawe yanateleza hata kiangazi. Popo ni wengi, msiwashike kabisa, na penye mavi yao makavu vaeni barakoa, maana vumbi lile linaweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu. Mwenye pumu afikirie mara mbili. Watoto wadogo sana nisingewapeleka.

Utasikia likitajwa kuwa pango kubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Mimi ukubwa haukunishughulisha, ningekwenda hata lingekuwa nusu yake.

Anzeni ofisi ya kijiji, salimieni, ulizeni utaratibu na nani anasimulia vizuri. Malipo ya mzee mpeni mkononi mwake, na yawe ya heshima: ndiye anayebeba sehemu kubwa ya safari hii, na wa rika lake wanazidi kupungua. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, ingieni asubuhi, na Nandete msiipite bila kushuka. Mwenye swali la njia aniandikie hapo chini, nitajibu.