Monopodi ya Chini ya Laki kwa Mechi za Watoto: Ipi Inahimili Viwanja Vyetu vya Mtwara

Wadau habari zenu, karibuni. Jumbe zenu zimejaa swali moja: monopodi gani, yaani ule mguu mmoja wa kuegemeza kamera, ya bei ya kawaida inafaa kupigia picha mechi za watoto? Wengi mnaouliza ni walimu wa michezo, wazazi, na vijana mnaoanza kazi ya picha hapa Mtwara Mjini, Masasi, Newala, hadi Lindi kule. Kwa hiyo bajeti ya leo ni laki moja kushuka chini. Mwenye milioni ya kuchezea, hii siyo video yake.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya hiki chombo. Kuna watu wananunua monopodi wakitegemea imgandishe mtoto anayekimbia, picha isitoke na ukungu. Haiwezi. Mtoto anagandishwa na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga: 1/500 ya sekunde kwa uchache, 1/1000 kama mwanga upo. Mechi zetu nyingi zinaanza saa 10 jioni na jua la huku linawahi kuzama. Ikifika saa 11 na nusu, pandisha ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ukubali chengachenga kidogo, mguu hautakusaidia. Kinachookolewa na monopodi ni mikono yako. Kipindi cha pili mikono imechoka, lenzi inashuka yenyewe, unaanza kukata vichwa vya watu. Waliopiga picha uwanja wa Nangwanda Sijaona mwaka 2021, UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zilipofanyika hapa Mtwara, wanajua siku ya namna hiyo ilivyo: asubuhi riadha, mchana netiboli, jioni mpira.

Sasa uzito. Usisome namba za kwenye boksi kabla hujapima mzigo wako mwenyewe. Hii kamera yangu ni Canon 4000D, gramu 436 pamoja na betri. Lenzi ni 55-250 STM, gramu 375. Jumla haifiki kilo moja. Monopodi iliyoandikwa kwamba inabeba kilo 3 inanitosha na chenji inabaki. Ukiwa na ile lenzi kubwa ya 70-200 f/2.8, yenyewe peke yake ni kama kilo moja na nusu, hapo ndipo uanze kuulizia kilo 5 na kuendelea. Kaboni? Nyepesi, nzuri, lakini kwa mzigo huu wa kwangu unalipia jina tu. Alumini inatosha.

Haya, hapa sogeeni karibu, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawaisemi. Kila mtu dukani anauliza, "Inafika urefu gani?" Mimi nauliza ikifupishwa inafika wapi. Mtoto wa darasa la tano ana kimo gani? Ukisimama wima ukampiga kutoka juu, unapata utosi na nyasi. Piga goti, au kaa kwenye kigoda nyuma ya mstari, ndipo unapata uso, unapata macho, na mbingu nyuma yake. Ukishapiga goti, jicho lako liko kama mita moja kutoka chini. Sasa tazama. Hii ina pingili nne, vipande vinavyoingiliana. Kwa kimo cha goti nafungua mbili za juu tu, hizi nene. Zile nyembamba za chini, ambazo ndizo zinazotikisika, zimebaki ndani. Naitikisa hivi… mnaona? Haichezi. Sasa naifungua yote hadi kimo changu cha kusimama. Naigusa kwa kidole tu, hiyo hapo, lenzi inatetemeka. Ni monopodi ileile. Ndiyo maana nasema kwa mechi za watoto huhitaji ya gharama, ilimradi ukubali kuchafua magoti.

Pesa yako iende kwenye vifungio. Nina mbili hapa. Hii ya kushoto ni ya klipu, unafungua na kubana kwa kidole. Hii ya kulia ni ya kusokota. Majina ya kampuni siyataji, kwa sababu hizi za bei chee kiwanda kimoja kinaweza kutoa mzigo uleule kwa majina hata matano. Ya kusokota ni nyembamba, inapendeza, inaingia kwenye begi vizuri. Lakini mchanga wetu mnaujua. Ukiingia kwenye kile kishingo, unasikia krr, krr, na unadhani umekaza kumbe bado. Ya klipu ikilegea unaiona kwa macho, na nyingi zina kiskrubu cha kukazia pembeni. Mimi nachukua ya klipu. Ukiwa dukani fanya hivi: fungua pingili zote, kaza, halafu shika kwa mikono miwili uiegemee kwa uzito wako taratibu. Ikizama, hata nusu inchi tu, mrudishie. Na muuzaji asikwambie "italainika ikizoea". Kufuli haizoei.

Chini kuna raba. Nyingi ni ndogo kama kisoda, na ukienda uwanja wa Shangani karibu na bahari inadidimia mchangani kila ukigeuka. Dawa yake haina gharama. Chukua kandambili iliyokatika, kata duara la ukubwa wa kiganja, toboa katikati kidogo bila kupitiliza, ichomeke raba ya mguu humo. Hiki hapa changu, cha bluu. Kinakaa juu ya mchanga vizuri. Ukirudi nyumbani futa mguu wote kwa kitambaa chenye maji baridi kuondoa chumvi, uache pingili wazi zikauke. Mafuta usiweke, yanakamata mchanga.

Kichwa, kile kipande cha juu cha kugeuzia kamera. Ukikuta monopodi haina kichwa, ina skrubu tu juu, usilalamike. Kwa kamera nyepesi inatosha kabisa. Angalia tu skrubu ni ya robo inchi, maana baadhi zina ile nene ya 3/8, na zingine zina zote mbili, unaigeuza. Kile kichwa chenye kitufe cha duara kinachozunguka kila upande mimi sikitaki kwenye mguu mmoja. Ukikilegeza, lenzi inaanguka mbele kama mtu anayesinzia kwenye basi. Kama lazima uwe na kichwa, tafuta kile kinachoinama mbele na nyuma peke yake.

Halafu hizi zenye vidole vitatu chini. Zimetengenezwa kwa watu wa video, ziwasaidie kugeuza kamera bila kuyumba. Hazikutengenezwa uziache zisimame zenyewe. Mwezi wa sita kusi ikivuma, utaiokota kamera chini.

Namna ya kushika: mguu wa monopodi uwe mbele yako, uiname kidogo kukuelekea, miguu yako miwili uitanue. Mkono wa kushoto uwe juu ya lenzi, ukandamize chini kidogo. Kwenye netiboli mpira unapanda, ringi iko mita 3.05 kutoka chini, kwa hiyo jifunze kuuvuta mguu wote nyuma badala ya kuhangaika na kichwa. Kwenye riadha ndipo utaifurahia zaidi: shusha shata hadi 1/125, mfuate mkimbiaji huku kiuno kinageuka, nyuma yake inakuwa mistari, yeye anabaki. Kama lenzi yako ina swichi ya kutuliza mtikisiko yenye namba 2, ndiyo ya hapo.

Jambo lingine, na hili sitanii. Viwanja vingi vya shule havina uzio wala mabango, mtoto anatoka nje ya mstari kwa kasi na hakuoni. Kaa mita kadhaa nyuma, na mpira ukija upande wako, nyanyua mguu, ulaze kifuani. Na kabla hujapiga hata picha moja, mwone mwalimu. Picha ya mtoto wa mtu hairushwi mtandaoni kwa jina lake na shule yake bila mzazi kuridhia.

Mwenye tripodi, ile ya miguu mitatu, nyumbani asinunue chochote bado. Ifunge miguu yote pamoja, nyoosha mmoja tu, nenda nayo mechi mbili tatu. Ni nzito na inasumbua, lakini itakuonyesha kama hiki kitu kinakufaa.

Kwa bei, ya alumini, klipu, pingili nne, kilo 3, mimi sivuki elfu themanini, na nikiagiza Dar nahesabu na nauli ya kifurushi kwenye basi humo humo. Ukipata ya mtumba, fungua kila pingili mwenyewe mbele ya mwenye nayo, na uje na kamera yako uifunge palepale.