Jamii ya wachache: kwa hesabu au kwa sheria?

Kwa hesabu, jamii ya wachache ni ile yenye watu kidogo tu. Nchini Kenya, karani wa sensa huuliza kabila, nawe hujitaja, hadai cheti. Kasoro huanzia hapo: Mombasa, huyu hujiita Mswahili, nduguye Mmvita, jirani Mjomvu (yote ni matawi ya Waswahili), na idadi ya watu wamoja huweza kutawanyika.

Kwa sheria, hutazamwa pia iwapo jamii imeachwa nyuma. Ibara ya 56 ya Katiba ya 2010 inaagiza mipango ya uongozi, elimu, ajira, maji na afya. Njia hii ndiyo yenye uzito zaidi. Wamakonde wa Pwani, waliotambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya 2017, waliishi miaka mingi bila kitambulisho, na bila hicho huwezi kusajili hata laini ya simu.